Majalada ya Ngozi

Watu wa kijiji cha Umoja walimwita Damari "Mama Kimya", na ukiwasikiliza wao ungedhani mwanamke huyo alizaliwa na ufunguo wa maktaba mkononi na kidole mdomoni. Alizaliwa kama sisi wote, upande wa Kinampanda, kwa mkulima wa uwele aliyeona kwamba darasa la nne linamtosha mtoto wa kike na kubaki. Aliolewa na Zefania, kijana mpole aliyekwenda Tanga kukata mkonge ili arudi na ng'ombe. Kilichorudi kutoka Tanga ni sanduku la bati na habari za msiba. Mtoto hawakujaliwa. Tangu hapo Damari aliishi kwa kaka yake, na kuishi kwenyewe kulikuwa kwa kuazimwa: leo atwange kwa huyu, kesho apalilie kwa yule, jioni alale palipobaki nafasi.

Hali hiyo ingeendelea mpaka kaburini kama serikali isingetangaza elimu ya watu wazima. Walitafutwa watu wanaojua kusoma, na kwenye vilima vile hawakuwa wengi. Damari alipewa chaki na ubao, akaanza kufundisha vikongwe kushika kalamu. Kwa mara ya kwanza maishani alitafutwa kwa sababu ya kitu kilichokuwa kichwani mwake, na nadhani ndiyo sababu alianza kutembea akiwa ameinua shingo. Wapo waliosema anaringa. Basi na aringe, aliringa kwa haki yake.

Mwaka wa sabini na nne ukaja uhamisho. Sitaki kuueleza sana, aliyekuwepo anajua. Watu walishushwa kutoka kwenye maboma yao wakapangwa kwenye mistari katika uwanda wa Umoja, na wale waliosuasua nyumba zao zilitiwa kiberiti na kila kilichokuwa ndani. Waliahidiwa bomba la maji, zahanati, na lori la unga la kuwavusha mpaka mavuno. Bomba halikuonekana. Zahanati haikuonekana. Lori lilikuja mara moja, likashusha magunia machache ya unga wa njano, likaondoka, na kuanzia hapo lilibaki kuwa maneno: linakuja, limefika Singida, limeharibika njiani, linakuja.

Kilichokuja kweli ni maktaba. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichopakana na ofisi ya kijiji, dirisha lake la mabanzi, na nyuma yake kijumba kidogo cha mtunzaji kulala. Damari alipoonyeshwa kile kijumba aliufunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena. Kilikuwa chumba chake cha kwanza. Alikuwa amevuka miaka arobaini.

Vitabu vilikuwa vya namna tatu. Vilikuwepo vijitabu vya kilimo cha pamba na ufugaji wa kuku, ambavyo wazee walivipenda kwa sababu karatasi yake ilifaa kusokotea tumbaku. Vilikuwepo vihadithi vya upelelezi, vimechakaa kwa kuazimwa na vijana, na Damari mwenyewe alivisoma vyote kwa siri. Na juu kabisa yalikaa madude manene yaliyoachwa na mzungu mmoja wa misheni aliyerudi kwao, yamejalidiwa kwa ngozi ya kahawia, yameandikwa lugha ambayo hakuna mtu wa wilaya nzima aliyeijua. Hakuna aliyeyaazima hata siku moja. Lakini mgeni akija kutoka wilayani ndiyo aliyosimama mbele yake kupigwa picha.

Mvua za mwaka ule zilikataa. Ilipofika mwezi wa kwanza watoto walikuwa na nywele nyekundu, na watu walisalimiana wakiwa wameketi kwa kuwa kusimama kulichosha.

Wakati huo ndipo Damari alipofungua maktaba asubuhi moja akakuta dude moja limevuliwa jalada. Kurasa zote zilikuwepo. Zilifungwa vizuri kwa kamba ya gome la mti, zikarudishwa mahali pake juu, ila ngozi haikuwepo. Banzi moja la dirisha lilikuwa limelegezwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Kefa, alikuja akiwa na mikono nyuma. Kefa hakuwa mtu mbaya kwa kuzaliwa. Alikuwa fundi baiskeli aliyepewa uenyekiti, na uenyekiti ulimpwaya, kwa hiyo aliushikilia kwa sauti.

"Hawa ni wavuta tumbaku," alisema.

"Ndugu mwenyekiti, wavuta tumbaku huchukua karatasi," alisema Damari. "Huyu ameacha karatasi, amechukua gamba."

"Basi anashona viatu."

"Ngozi yenyewe laini, haifai hata kwa soli ya mtoto."

"Basi ni mhujumu! Kuna mtu hapa hautaki Ujamaa, anaanzia kwenye vitabu." Kefa akamgeukia. "Na wewe ndiye mtunzaji. Wilayani wakiuliza nitawapa jina lako. Ukishindwa kulinda, kuna wengine wanaotaka hicho chumba."

Damari aliusikia vizuri mwisho wa maneno hayo. Akaanza kupeleleza, na mwanzoni nakiri alifurahia kidogo. Katika vile vihadithi mpelelezi alikuwa kijana mwenye koti, anachungulia, anauliza maswali matatu, na mwizi anashikwa kabla ya chakula cha jioni. Damari hakuwa na koti na chakula cha jioni hakikuwepo, lakini macho alikuwa nayo. Jalada la pili lilipotoweka, alikagua dirisha, alikagua vumbi, alikaa mlangoni akiwaangalia wapita njia mmoja mmoja kana kwamba jina la mwizi limeandikwa kwenye paji la uso.

Jibu lilimjia kwa njia nyingine. Alikuwa amekwenda kumjulia hali mzee Melkiori, aliyekuwa ameketi nje juu ya ngozi yake ya kulalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaiangalia ngozi yangu?" Mzee alicheka bila meno. "Bado sijaifikia. Nikimaliza mizizi, nitaingia kwenye ngozi."

Damari alibaki amesimama. Mama yake aliwahi kumsimulia njaa ya wakati wa vita vya Wajerumani, jinsi watu walivyokata ngozi za kulalia vipande, wakaziloweka kwenye maji ya majivu, wakazichemsha kutwa mpaka zikawa kitu kinachotafunika. Vijana wa Umoja hawakujua mambo hayo. Wazee walijua. Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani humezeka, na mtu aliyeponea kwayo utotoni haisahau.

Kwa hiyo mwizi alikuwa anakula.

Hapo hapo Damari akakumbuka unyoya. Miezi michache nyuma mende walianza kutafuna yale majalada, naye hakuvumilia. Alimwomba bwana shamba dawa ya pamba iliyobaki, akaichanganya na maji, akaipaka kwenye kila ngozi kwa unyoya wa kuku, mara mbili, nje na ndani. Mende walikufa siku hiyo hiyo wakiwa wamelala chali. Alikuwa amejisifu sana.

Alikimbia mpaka ofisini. "Mwenyekiti, zile ngozi mtu anazila, na zina sumu. Nilizipaka dawa ya pamba."

Kefa alimtazama kama mtu asiyeamini. "Ulizipaka dawa ya serikali? Kwa ruhusa ya nani?"

"Tutaulizana baadaye. Nipe ruhusa nipite nyumba kwa nyumba niwaambie."

"Uwaambie kwamba mtumishi wa kijiji ameweka sumu maktaba? Utafungwa, Damari, na mimi nitakufuata. Kaa kimya. Nitatangaza mimi, kwa namna yangu."

Angeweza kukataa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na nyumba zilikuwa zinaonekana kutoka pale. Lakini aliwaza kijumba chake, aliwaza ua wa kaka yake, akanyamaza. Alikuwa anaogopa, basi, na mtu mwenye hofu hujiambia kwamba tangazo ni tangazo, akitangaza huyu au yule ni mamoja.

Kikagongwa chuma cha mkutano. Kefa akasimama mbele ya watu waliokaa chini, akatangaza kwamba kuna wahujumu wanaoharibu mali ya umma, kwamba atakayeshikwa atapelekwa wilayani Kiomboi amefungwa pingu, na kwamba vitabu vyote sasa vina sumu, atakayegusa atakufa. Aliongeza kwamba lori la unga limeshafika Singida. Watu walisikiliza wakatawanyika. Damari alikuwa pembeni na hakusema neno.

Baada ya mkutano huo, jalada la tatu likachukuliwa.

Sasa hakupeleleza tena kwa kufurahia. Aliketi sakafuni na kile kitabu kilichovuliwa, akamwomba Mungu kitabu hicho kimwambie kitu. Kurasa zilikuwa na udongo mwekundu kwenye kingo, huku na huku, bila mpangilio, ishara kwamba zilianguka chini zikatawanyika. Lakini zilikuwa zimepangwa tena. Karatasi chache ziligeuzwa miguu juu kichwa chini, kwa sababu aliyezipanga hakujua maneno, ila namba zilifuatana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwizi alikuwa amekaa pale chini akazipanga moja moja kwa kufuata namba, badala ya kukimbia.

Wazee wanaokumbuka ulaji wa ngozi na kujua namba walikuwa wawili tu, na wote wawili alikuwa amewafundisha yeye. Mmoja ni Melkiori, ambaye ngozi yake ya kulalia alikuwa bado ameikalia. Mwingine ni bibi Selina. Selina alisuasua wakati wa uhamisho, nyumba yake ikachomwa, na ngozi zake zikaungua humo.

Damari alitoka bila kufunga mlango. Njia nzima alikuwa anamwona akilini Esta, mjukuu wa Selina, yatima mdogo aliyekuwa akija maktaba kuangalia picha za kuku. Alikuwa anaomba kwa sauti, na watu waliomwona walidhani njaa imemfika kichwani.

Esta alikuwa mlangoni, mzima, anachezea vijiti. Damari alimshika mashavu, akamfunua macho, akamnusa mdomo.

"Umekula nini?"

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa unga wa njano. Bibi hali uji. Anakula chake."

Ndani, Selina alikuwa amelala chini, ametapika, mikono inamtetemeka yenyewe, jasho linamtoka kama mtu aliyekuwa shambani. Karibu na mafiga kilikuwepo chungu na harufu ya majivu. Mgao wa unga haukutosha watu wawili, kwa hiyo alimwachia mtoto wote, na yeye akaingia kwenye ngozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu." Alijaribu kujifunika uso na khanga. "Sikutaka ujue. Karatasi sikuzipoteza hata moja. Nilizihesabu."

"Najua ulizihesabu. Bibi, hukusikia tangazo? Zile ngozi zina sumu."

"Nilisikia." Selina alipumzika kidogo. "Kefa alisema vitabu vina sumu, halafu akasema lori limefika Singida. Nikajua ni maneno yale yale. Walisema maji, hakuna maji. Walisema lori, hakuna lori. Wakisema sumu, mtu ataamini vipi?"

"Lakini ilikuwa kweli. Nilipaka mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Mama mzee alimgeukia, na katika macho yale hapakuwa na hasira. Ingekuwepo, Damari angeibeba kwa urahisi zaidi.

"Ulikuwa umekaa pale pembeni," alisema. "Nilikuangalia. Nikasema, kama ni kweli mwalimu atanyanyuka aseme. Ungesema wewe, mwanangu, ningemwaga."

Walimfunga kwenye machela ya miti na blanketi, wakaanza safari ya hospitali. Wabebaji walikuwa wanaume wasiokula, walipokezana kila baada ya hatua chache, wakikaa chini kupumzika huku machela iko katikati yao. Damari alitembea kando akimshika mkono. Kabla hawajafika barabara kuu ule mkono uliacha kutetemeka. Wanaume walisimama, mmoja akavua kofia, wakageuza machela wakarudi naye.

Alizikwa kesho yake, kaburi la kina kifupi, maana hawakuwa na nguvu za kuchimba zaidi. Kefa alitaka kusema machache juu ya mali ya umma. Mzee Melkiori akamwambia mbele ya watu, "Kaa chini, mwanangu," naye akakaa. Damari alimchukua Esta, akamlaza kwenye kitanda chake katika kile kijumba alichokiogopea sana, na usingizi haukumjia.

Asubuhi alikwenda maktaba ili ashushe yale madude yote akayachome. Alikuta jalada jingine halipo. Hili lilikatwa kwa kisu, vibaya, kurasa zimetupwa sakafuni. Haukuwa mkono wa Selina. Kuna mtu mwingine aliyeona jinsi ya kula akaiga, na aliona kifo cha Selina kama kila mtu alivyokiona, kifo cha njaa. Kefa alikuwa amewaambia watu hivyo: bibi amekufa kwa njaa na uzee. Ya ile sumu hakuyataja.

Safari hii Damari hakukagua dirisha. Hakuangalia vumbi, wala hakufikiri nani ana umri gani na nani anajua namba. Alimkabidhi Esta kwa jirani, akaanza nyumba ya kwanza ya mstari wa kwanza.

"Hodi. Ni mimi Damari. Bibi Selina hakufa kwa njaa. Alikula ngozi za vitabu, na mimi nilikuwa nimezipaka dawa ya pamba. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu niliogopa kufungwa. Kama mnayo ngozi ya kitabu, nawaomba msiile."

Nyumba moja mwanamke alimtemea mate miguuni, mpwa wa Selina, na Damari alingoja mpaka amalize ndipo akaenda nyumba iliyofuata. Melkiori alimsikiliza, akasema, "Umechelewa, mwanangu, ila endelea." Akaendelea. Alirudia maneno yale yale mlango kwa mlango bila kujipunguzia, na kila aliporudia yalikuwa mazito kuliko mwanzo. Mchana ulipoanza kupoa alikuwa amemaliza mistari yote na ngozi haikuonekana.

Ilibaki nyumba moja, ya mwenyekiti. Aliiacha mwisho kwa kuwa yeye peke yake alikuwa ameshaambiwa.

"Hodi. Ni mimi Damari," alianza, kwa sauti iliyokauka. "Bibi Selina hakufa kwa njaa."

Kefa alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati lake la mikutano, na lilimning'inia. Hakumzuia kusema. Alisikiliza yote, mpaka mahali pa kuogopa kufungwa, mpaka mahali pa kuomba, na alipokuwa anasikiliza uso wake ulianza kubadilika.

"Kwa hiyo ni kweli?" aliuliza.

"Nilikwambia mwenyewe, ofisini."

"Nilidhani umebuni. Nilidhani unanipa maneno ya kuwatishia." Alijipangusa mdomo kwa kiganja. "Nilipowatangazia nilijua nawatisha tu."

Aligeuka akaingia ndani, na Damari akasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Kefa alirudi na sufuria mikononi. Ndani yake, kwenye maji ya majivu, ile ngozi ya kahawia ilikuwa imekatwa vipande, imelowa imevimba, bado haijaonja moto. Vipande vilikuwa vya kutosha watu wengi. Alikuwa na watoto sita na mama yake mzee, Kristina, ambaye alikuwa ameacha kuona.

"Nani huyo, Kefa?" aliuliza yule mama kutoka gizani.

"Ni Damari wa maktaba, mama. Amefuata kitabu."

"Mwambie arudi jioni, mwanangu. Kikiiva tutamgawia na yeye."

Kefa alisimama pale na sufuria, hajui aimwage wapi.